Jogoo Aliyeishia Njia Panda

"Usinishike mkono, Mwalimu Msiska. Kishikwambi nakiona, kidole ninacho, na macho mama alinizaa nayo."

Lusungu Msiska akaurudisha mkono wake upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Walimu ishirini na wawili, waliojibana kwenye madawati ya watoto, wakainamisha vichwa juu ya vishikwambi vyao. Vichwa viliinama, masikio hayakuinama.

"Nilitaka kukuonyesha pa kubonyeza tu, Madamu Zione."

"Ulishanionyesha Jumatatu. Leo Ijumaa, siku ya mtihani. Au mwezeshaji kasahau tarehe? Maana kwako kusahau tarehe si ajabu."

Huko nyuma mtu akakohoa kikohozi cha uongo. Zione hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Tiyamike wa darasa la nne, ambaye wiki nzima hiyo alikuwa akiwahi semina kuliko kengele, na si kwa kupenda mashine.

Kisa chenyewe kila mtu pale shuleni Kanyezi alikijua, isipokuwa mratibu wa elimu, Mama Namalomba, aliyehamia mwaka huo. Miaka miwili nyuma, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, ukoo wa kina Kachingwe ulikaa mikekani tangu asubuhi ukingoja upande wa mwanamume. Mtetea mweupe wa Zione alikuwa tayari, kafungwa mguu chini ya meza yenye kitambaa cha maua. Kilichongojwa ni jogoo tu. Washenga wa Lusungu wangekuja naye kutoka kwao Rumphi, kaskazini, washenga wa Zione wangewapa mtetea, huyu kwa huyu, vigelegele vingepigwa, na hapo ndoa imesimama. Saa nne ikapita. Saa nane ikapita. Ugali wa nsima ukaota ngozi. Ilipofika saa kumi mtetea akachoka kungoja. Akataga yai palepale chini ya meza, kisha akalia kwa sauti ya kuutangazia ulimwengu. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, mwisho mikeka yote ikacheka. Kuanzia siku ile Zione Kachingwe, mwalimu wa darasa la pili, akawa Madamu Yai.

Jogoo hakuja. Simu ya Lusungu ilikuwa imezimwa. Na sasa, baada ya miaka miwili, mtu huyo alikuwa ameteremka kwenye gari la mradi na masanduku ya vishikwambi, kitambulisho shingoni, kuja kuwafundisha walimu wa Kanyezi namna ya kufundisha kwa mashine.

Zione angeugua wiki nzima ili asimwone, kama si ile barua. Wilaya iliandika bila kumung'unya maneno: mwalimu atakayepata alama sitini au zaidi atabaki Kanyezi na vishikwambi vyake, atakayeshindwa, muhula ujao atahamishiwa shule isiyo na mashine. Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tano kwa miguu. Na mama yake alikuwa haoni, mwaka wa sita huo. Kwa Wachewa nyumba ni ya mama, na binti ndiye mlinzi wa jiko lake. Zione alikuwa binti pekee. Ndiyo maana hakukubali kuhamia Rumphi wakati ule, na ndiyo maana hakukubali kuhamia ng'ambo ya milima sasa. Lakini kalamu ya alama ilikuwa mkononi mwa Lusungu Msiska.

Wakati wa chai walimu walikimbilia viazi vya moto. Zione alikwenda nyuma ya ofisi, kwenye paneli za sola, kuhesabu vishikwambi vilivyojaa chaji. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeikalia wilaya ya Dedza siku ya tatu hiyo. Akasikia nyayo na hakuinua kichwa.

"Wewe umehesabu vingapi?" Zione aliuliza, kwa kuwa nyayo alizijua.

"Kumi na vinne," Lusungu akasema.

"Kati ya thelathini. Na watoto wangu ni mia na kumi na wanane. Mtu analeta mashine zinazokula jua, Dedza, mwezi wa sita! Kwenu Rumphi hakuna ukungu?"

"Upo. Zione..."

"Madamu."

"Madamu Zione. Nisikilize dakika mbili."

"Nilikusikiliza siku nzima. Kuanzia asubuhi mpaka kuku akataga. Hukusema neno."

Lusungu alikuwa amekonda. Na alikuwa amevaa lile sweta la kijivu. Zione ndiye aliyelifuma, mistari miwili kifuani, mkono wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia. Kiwiko kilikuwa kimetoboka na kushonwa kwa uzi wa bluu, ushonaji wa mwanamume. Alikuwa ameliona sweta hilo tangu Jumatatu, na alijichukia kwa kuliona.

"Baba alikataa," Lusungu akasema. "Alisema mwanawe hawezi kwenda kukaa kwa mkewe kama mtu asiye na kwao. Alitaka kutoa ng'ombe, wewe uje kwetu."

"Hayo nayajua. Mjomba Jailosi alimjibu kwamba sisi watoto wetu hatuwabadilishi na ng'ombe. Ilikuwa miezi mitatu kabla. Wewe ukaniambia, kwa mdomo wako, 'Zione, wazee niachie mimi.' Nikakuachia."

"Siku moja kabla, baba akawakataza baba zangu wadogo wote wawili wasinisindikize. Nikabaki sina mshenga."

"Ukabaki Rumphi."

Lusungu alishika ukingo wa paneli, akafuta umande kwa kiganja, akafuta tena mahali palepale.

"Sikubaki Rumphi," alisema mwishowe. "Nilimchukua jogoo nikapanda basi la usiku peke yangu. Nikafika."

"Ukafika wapi?"

"Njia panda."

"Njia panda ya wapi?"

"Hii ya kwenu. Pale wanapouza viazi."

Zione alikiweka chini kishikwambi alichokishika, taratibu, kwa sababu kifaa kilikuwa cha serikali. Kutoka njia panda mpaka kwa mama yake ni mwendo wa nusu saa. Upepo ukivuma vizuri, mtu wa pale husikia ngoma ya huku.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Ukaondoka?"

"Na basi la saa kumi na moja jioni."

"Masaa manane!" Zione alisema. "Umekaa na wauza viazi masaa manane, jogoo kwapani, na mimi niko hapa nimepakwa mafuta kama sanamu!"

"Ningeingiaje, Zione? Mwanamume bila mshenga, amembeba jogoo mwenyewe? Ningesema kwa mdomo wa nani?"

"Kwa huohuo uliokuwa ukinibusu nao!"

"Mjomba wako angenifukuza."

"Angekufukuza, ndiyo! Na mimi ningekuona ukifukuzwa. Unajua ningetoa nini siku ile, nikuone tu ukifukuzwa?"

Lusungu aliukunja ule mkono mrefu wa sweta, akaukunjua.

"Sasa nikwambie," Zione akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo waliomjua waliliogopa kuliko makelele. "Miaka miwili hii nilikuwa nimekusamehe nusu. Nusu ile ilikuwa ya umbali. Nilijiambia, Rumphi ni mbali, baba yake mkali, pengine hata nauli walimnyima. Kumbe ulikuwa kwa wauza viazi. Hiyo nusu nairudisha. Yote."

"Nastahili."

"Usiniambie unastahili, unanipunguzia utamu wa kukutukana. Jogoo ulimpeleka wapi?"

"Nilimpa kondakta."

"Kondakta." Zione aliinua macho kwenye ukungu kama anayemtafuta shahidi. "Jogoo wangu kaliwa na kondakta. Sawa. Sasa sikiliza, mwezeshaji. Leo unanipima. Ukinizidishia alama, umenitukana. Ukinipunguzia, umelipiza kisasi. Andika unachokiona, basi. Ukimaliza, panda gari lenu, na pale njia panda usisimame hata kununua viazi."

Alichukua vishikwambi saba mkono huu na saba mkono huu, akaenda darasani.

Wiki nzima Lusungu alikuwa amewafundisha hivi: mtoto mmoja, kishikwambi kimoja, dakika kumi, kisha apishe mwingine. Ni maneno mazuri kwa mtu mwenye watoto thelathini. Zione aliwagawa wake makundi kumi na manne. Katika kila kundi mmoja alishika, mmoja alibonyeza, wa tatu alisoma kwa sauti, na waliobaki kazi yao ilikuwa kukamata makosa. Hakuna kazi mtoto wa miaka minane anaipenda kama kukamata makosa ya mwenzake. Walisahau hata baridi. Lusungu alizunguka na fomu yake, akachutama kwenye kila kundi, na mara moja Zione alimkuta hatazami kundi wala fomu. Anamtazama yeye. Yalikuwa macho yaleyale ya zamani, ya kwenye kozi ya ualimu kule Lilongwe, walipokuwa wakigombania chaki. Zione akageukia ubao na kuandika tarehe ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Ilipofika saa nane walimu wote walikuwa wamepimwa. Wakaketi kungoja majibu. Mbele walikaa Mama Namalomba, miwani puani, na Mjomba Jailosi, mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa koti jeusi na fimbo ya mpingo, aliyekuja, kwa maneno yake, kuhakikisha mtu wa kaskazini haibi chaki. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa Zione siku ile ya yai.

"Zione Kachingwe," Lusungu akasoma. "Themanini na moja."

Tiyamike alipiga kigelegele kabla hajakumbuka aliko. Zione alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu barua ya wilaya ifike. Nyumba ya mama imesalimika. Jiko halizimiki.

"Njoo usaini, mwalimu," Mama Namalomba akasema. "Kuna swali la mwisho. Mwalimu anajibu kwanza, mtahini anafuata. Wenzako wote wamejibu, ni mstari mmoja tu."

Zione alilisoma. *Je, kati ya mwalimu na mtahini kuna undugu, uchumba au uhusiano wowote?* Visanduku viwili: ndiyo, hapana.

Walimu wakanyoosha shingo. Zione alishika kalamu. Kalamu ikasita juu ya karatasi, ikasita tena. Kisha akaweka alama kwenye *hapana*, akasaini, akamsukumia Lusungu fomu bila kumtazama.

"Ni kweli," alisema. "Hakuna."

Ilikuwa imebaki alama moja ya kalamu. Aandike *hapana*, yeye abaki na kazi yake, Zione abaki na mama yake, kila mtu aende kwao. Lusungu aliitazama fomu. Akamtazama Zione. Akaitazama fomu muda mrefu kuliko mtu anavyotazama fomu.

"Msiska," Mama Namalomba akasema, "gari linangoja."

Lusungu akaandika, akamrudishia Mama Namalomba karatasi. Mama akaishusha miwani, akaipandisha.

"Umeandika *ndiyo*."

"Ndiyo, mama."

Walimu wakalipuka kama mahindi kwenye kikaango. "Mungu wangu!" "Kasema!" "Miaka miwili imemchukua!" Mama Namalomba akapiga meza kwa kiganja.

"Kimya! Mlijua? Nyote mlijua?" Vichwa vikainama tena juu ya madawati. "Msiska. Sheria hii uliijua tangu Jumatatu."

"Niliijua."

"Mbona hukusema Jumatatu?"

"Ningesema Jumatatu, mama, nisingeruhusiwa kukanyaga Kanyezi."

"Na hizi themanini na moja ni za kazi, au za mapenzi?"

"Za kazi. Zile nyingine fomu isingetosha."

"Usinichekeshe, sina meno ya kuchekea." Akachukua kalamu nyekundu na kuikata fomu mstari mrefu, pembe kwa pembe. "Alama hizi zimefutwa. Wewe Jumatatu utajieleza Lilongwe, na sidhani watakupa tena semina. Toka nje ya chumba cha mtihani."

Zione alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umemwiva kama chungu kwenye tanuri.

"Umenifuta," alimwambia Lusungu. "Lusungu, umenifuta! Siku ya kusema ndiyo ulinyamaza. Leo siku ya kunyamaza, ndiyo umesema!"

"Sikuweza kuandika kwamba si kitu."

"Mimi niliweza! Ulishindwa nini? Mama yangu yuko nyumbani haoni, na wewe umekuja kutubu juu ya jiko lake!"

Hilo lilimpata. Alirudi hatua nzima, mpaka bega likagonga ubao. Kisha akamgeukia Mjomba Jailosi, akapiga goti moja sakafuni, mbele ya wote.

"Mjomba, nimekosa. Nakuja kwa mdomo wangu mwenyewe..."

Mzee aliinua fimbo. Hakumtazama hata kidogo, alitazama dirisha.

"Jamani, mimi ni mzee," alisema, "lakini masikio yangu ni mazima. Kuna mtu kasema? Mimi nasikia upepo tu. Mwanamume asiye na mshenga hana mdomo. Mwambieni upepo ufunge mlango ukitoka."

Lusungu akainuka, akatoka, akafunga mlango.

Mama Namalomba alikuwa bado anapekua karatasi za kanuni. "Inasema, mtahini mwingine mwenye sifa anaweza kupima siku hiyohiyo. Sifa ninazo, na watoto bado wako nje wanakunywa togwa. Vishikwambi vimebaki vingapi vyenye moto?"

Tiyamike alikagua. "Kimoja, mama. Na chenyewe kinapumulia mdomoni."

"Anza, Mwalimu Kachingwe. Sina huruma, nakwambia mapema."

"Sijaiomba," Zione akasema.

Watoto mia na kumi na wanane wakarudi, midomo myeupe kwa togwa. Zione alifungua hadithi ya kobe na fisi. Kishikwambi kikaanza kuisoma, kwa kasauti kama ka mbu.

"Hatusikii, mwalimu!" wakalia wa nyuma.

Alikiinua juu. Hawakusikia. Mama Namalomba akaandika kitu. Zione alitazama kuta, ubao, madirisha, na dirishani, nje kwenye ukungu, akaona sweta la kijivu. Hasira zilimpanda mpaka utosini. Na hasira zilipopanda, macho yake yakaangukia pembe ya darasa, kwenye mtungi wa maji. Mama yake aliufinyanga kwa mikono yake mwaka wa mwisho wa macho yake. Tumbo pana, shingo ya kupitisha kishikwambi.

Akaunyanyua, akamwaga maji yote dirishani, na kama mwenye sweta alilowa, Mungu ndiye ajuaye. Akaukausha ndani kwa kitambaa cha kichwa, akakitandika humo chini, akakishusha kishikwambi juu yake na kuuweka mtungi juu ya meza.

Sauti ikatoka nene, ya kizee, ikajaa chumba.

"Mtungi unasema!" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa zima likasimama.

"Kaeni! Anayeandika neno sawasawa ubaoni ndiye atakayeingiza mkono kuuambia mtungi uendelee."

Mikono ikawa msitu. Kila sentensi ilipokwisha, mtoto alikuja mbio, akaandika neno, wenzake wakalisahihisha kwa vifijo, naye akaingiza mkono mtungini akifumba macho kwa furaha. Hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo kobe anamjibu fisi. Hapo mtungi ukakatika, kimya. Moto umekwisha.

Zione alitazama ndani, akaona giza.

"Mtungi umenyamaza," aliwaambia. "Hauna mtu wa kuusemea. Nani atamaliza mwenyewe, kwa mdomo wake?"

Watoto mia na kumi na wanane walimaliza kwa pamoja, kila mmoja na mwisho wake, na katika miisho yote fisi alipigwa. Zione hakutazama dirishani. Alijizuia kwa nguvu, shingo ikamuuma.

Mama Namalomba alijumlisha mara mbili.

"Kifungu cha vifaa umekosa karibu chote," alisema. "Kifungu cha kila mtoto na mashine yake, sifuri. Mtungi fomu haina mahali pake. Nimeuingiza kwenye ubunifu, na atakayeuliza aje kwangu. Sitini na moja."

Zione alijibu asante, akakitoa kishikwambi, akajitwika mtungi na kutoka.

Alimkuta Lusungu nje ya uzio wa shule, begi begani, anamsubiri mwenye baiskeli ya kumpeleka barabarani. Gari la mradi lilikuwa limemwacha. Sweta lilikuwa limelowa kifua kizima.

"Umenila alama ishirini," Zione alimwambia. Mtungi ulikuwa kichwani, mtupu.

"Najua. Umefaulu lakini. Nimesikia."

"Nimefaulu kwa chungu cha mama yangu, si kwa ndiyo yako."

"Kweli." Akafuta uso. "Kazi nadhani nimeipoteza."

"Sikukutuma."

"Ningeandika hapana, ingebaki kwenye faili miaka yote, kwa mwandiko wangu. Nilishaishia njia panda mara moja, Zione."

"Mimi niliandika hapana."

"Niliona. Kalamu ilisita mara mbili."

"Ilikuwa baridi."

Mwenye baiskeli alifika, akapiga kengele, akasimama kungoja kwa adabu ya mtu anayetaka kusikia zaidi. Lusungu akakaa nyuma, begi mapajani. Macho yao yalikutana, na safari hii Zione hakugeukia ubao, kwa kuwa haukuwepo.

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema kwa ukali uleule wa darasani. "Saa tatu. Uje na jogoo. Mweusi asiwe, mama yangu hampendi mweusi tangu alipokuwa anaona. Na uje na mshenga. Baba yako akiwakataza ndugu zako, azima mtu. Kakodi mchungaji. Kamchukue huyo kondakta, si ameshakula jogoo wetu? Na ukae ukijua, nyumba utajenga hapa. Sihami."

"Na mjomba wako?"

"Atakufukuza. Utakaa ufukuzwe, na mimi nikuone."

"Nitakuja."

"Usiniambie utakuja. Uliwahi kuniambia." Akaurekebisha mtungi kichwani. "Ukisimama tena kwa wauza viazi, panda basi hilohilo, usirudi. Yule kuku nitamchinja mwenyewe."

Lusungu alishtuka mpaka baiskeli ikayumba. "Yule mtetea? Hamkumla?"

Zione alikuwa ameshageuka anaondoka.

Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, anamenya viazi kwa kupapasa. Mtetea mweupe, mnene kwa uzee, alikuwa kalala chini ya kigoda. Mama alizisikia hatua za binti yake na akajua kila kitu isipokuwa tarakimu.

"Umefaulu?"

"Sitini na moja, mama. Kilichotakiwa ni sitini."

"Tunabaki, basi." Kisu kikaendelea kumenya. "Na yule wa Rumphi? Jailosi amepita hapa anatukana upepo. Amesema nini huyo kijana?"

"Amesema ndiyo. Mbele ya watu wote."

"Ehe. Nawe umempa ngapi?"

Zione aliushusha mtungi, akaufuta vumbi shingoni kwa kidole.

"Hamsini na tisa, mama. Amekosa moja," alisema. "Anarudia Jumamosi ya wiki ijayo."